Rubani Yuko Kazini

Mbotela, Nairobi
9 Machi 2025

Kwa dada yangu mpendwa Mbinya,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema. Sisi hatujambo, isipokuwa Mama anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi. Unajua simu ya nyumbani ni ya Baba, na kila ujumbe anausoma kwa sauti. Ndiyo maana nimempa Bwire, fundi wenu wa ndege, karatasi hii akuletee huko Eldoret.

Dada, ninafikiria Jumamosi ile ulipokuja. Kabla hujavua viatu, wageni wa kanisa walikuwa wamejaa hadi nje. Ukasinzia umekaa, sahani ya pilau mapajani. Mama Elsie akasema, "Rubani ametua salama," watu wakacheka. Baba naye akasema, "Huyu ni damu yangu. Nimeendesha lori miaka ishirini na sita, sijawahi kusema nimechoka." Ukaamka, ukacheka pia. Lakini mimi nilikuona ukichota pilau kwa mpini wa kijiko.

Je, u mzima kweli? Baba ameshatangaza kwamba utazungumza na vijana kwenye ibada ya shukrani tarehe 30. Niambie ukweli. Niko Gredi ya Tisa sasa, si mtoto.

Mdogo wako,
Nthenya


Eldoret
16 Machi 2025

Mdogo wangu Nthenya,

Salamu nyingi. Mpe Mama pole, na umwambie achemshe tangawizi kabla hajaanza kujaribu dawa za majirani. Mimi, kama unavyoona, niliandika "sijambo" hapa, kisha nikaikata.

Jumanne iliyopita tulikuwa tunashuka kutua, saa moja asubuhi, tukiwa na abiria sitini na wanane. Ilikuwa siku yangu ya tano mfululizo ya kuamka saa tisa usiku. Nilifumba macho nikidhani nimepepesa tu. Nilipofumbua, mnara wa kuongoza ndege ulikuwa unatuita, na kwa jinsi sauti ile ilivyoita, nilijua haikuwa mara ya kwanza. Nikamgeukia Kapteni Phares. Kidevu chake kilikuwa kifuani.

Tulitua vizuri. Abiria mmoja hata alinishukuru mlangoni. Mimi na Kapteni hatukuandika ripoti.

Sheria inatupa saa za kupumzika, lakini huliwa na safari ya kwenda na kurudi uwanjani, na simu za kubadilisha ratiba. Siku zangu mbili za mapumziko unajua zilikwenda wapi. Simlaumu mtu. Mtaa mzima uliniombea nilipokuwa nasomea kazi hii. Nitawafungiaje mlango?

Mwezi wa tano wanachagua makapteni wapya. Anayesema amechoka, jina lake hushuka. Tafadhali usimwambie Baba.

Dada yako,
Mbinya


Mbotela
23 Machi 2025

Kwa dada Mbinya,

Habari za huko? Mama amepona. Tangawizi ilisaidia, ingawa yeye anasema ni maombi.

Siri yako sijaitoa. Nilimuuliza Baba tu, alipokuwa akipiga viatu rangi, kama kweli hakuwahi kuchoka. Akakisugua kiatu kimoja muda mrefu.

"Siku moja natoka Mombasa na saruji," akasema, "nikajikuta Mtito Andei. Voi sikumbuki kuipita. Mji mzima, Nthenya."

Nikamuuliza alifanya nini.

"Kyule, tuliyekuwa tunapokezana naye usukani, akaniambia, 'Musau, lete funguo.' Nikamtukana. Nikampa. Nikakoroma hadi Athi River."

Nikamuuliza mbona hajawahi kutusimulia. Akasema hadithi hiyo haina shujaa. Mimi nadhani inaye.

Mwalimu Mirriam ametufundisha kwamba barua iwe na kusudi moja. Kusudi langu ni hili. Sijui kuendesha ndege, wala siwezi kukaa kando yako kama Kyule. Lakini ninakwambia kutoka hapa Mbotela: lete funguo. Wale abiria sitini na wanane wana dada zao. Mimi ninaye mmoja.

Mdogo wako,
Nthenya


Mbotela
30 Machi 2025

Dada,

Natumai u salama, maana leo hukuja kanisani na simu yako imezimwa. Baba amewaambia watu una safari. Bwire amepita mikono mitupu; anasema hajakuona kazini tangu Jumatano, na ofisini watu wananong'ona. Andika hata mstari mmoja.

Nthenya wako


Eldoret
2 Aprili 2025

Nthenya mpenzi,

Sijambo. Safari hii sikati.

Jumatano ya wiki iliyopita nilifika uwanjani na sare yangu, barua yako mfukoni, nikamwambia msimamizi, "Siwezi kuruka leo. Nimechoka." Akaniuliza kama kweli nataka kuwa kapteni. Kapteni Phares alikuwa nyuma yangu, kofia mkononi. Akasema, "Andika na jina langu." Abiria walisubiri kwa muda wa saa tatu. Mama mmoja aliyekuwa akienda mazishini alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. Baadaye tuliandika ripoti ya Jumanne ile, tukatia sahihi sote wawili.

Nimeondolewa kwenye ratiba hadi uchunguzi uishe. Jina langu la ukapteni sijui liko wapi. Simu niliizima, nikalala, nikaamka, nikalala tena. Niwie radhi kwa kukutia hofu.

Jana nilimpigia Baba, nikamwambia yote. Akauliza, "Ulimpa nani funguo?"

Nikamwambia, "Nthenya."

Ninakuja Ijumaa.

Dada yako,
Mbinya


Mbotela
Jumamosi, 5 Aprili 2025, saa kumi jioni

Kwa dada Mbinya, uliyelala chumba cha pili,

Natumaini utaamka mzima. Karatasi hii ninaiweka chini ya kikombe chako. Umelala tangu jana saa moja jioni, na Mama ameingia mara mbili kusikiliza kama unapumua.

Wageni walianza kufika saa tatu asubuhi. Baba alikuwa ameshaweka kiti chake mlangoni, upande wa nje. Mama Elsie akaja na sufuria ya muthokoi, ule wa mahindi na maharage, pamoja na wanawake wanne wa kanisa.

"Tumekuja kumwona rubani," akasema.

"Hamtamwona," Baba akajibu. "Yuko kazini."

"Kazini wapi, na jana tumemwona akiingia hapa na begi?"

"Kazini. Analala."

Mama Elsie akawatazama wenzake. "Mzee Musau, tangu lini kulala kukawa kazi?"

Baba akaipokea sufuria, akaiweka kando ya kiti. "Hii tutampa akitoka zamu."

Wakaondoka wakicheka, lakini walicheka kwa sauti ya chini.

Muthokoi uko jikoni, umefunikwa. Bwire ameleta pia barua ya kampuni. Haijafunguliwa. Iko mfukoni mwa Baba, na amesema haitatoka humo hadi uamke mwenyewe, bila kuamshwa. Sijui inasema nini. Nimetoa kigoda changu nje, nimekaa karibu naye.

Usiharakishe.

Mdogo wako,
Nthenya