Usingizi wa Saa Kumi

Jumanne, jioni. Mvua imegoma kunyesha, joto limekazana, na feni ya wodini inazunguka tu bila kutoa upepo.

Nimechoka. Sina neno jingine la kuanzia leo.

Jana walinitia dawa ya kugandisha pafu na ukuta wa kifua kupitia ule mpira ulio ubavuni mwangu, ili maji yanayoletwa na kansa yasipate tena pa kukaa. Walinionya kwamba itauma. Imeuma hasa. Hata kupiga chafya naogopa.

Kuna mofini ya kunywa, chungu kama mwarobaini. Ya asubuhi nameza. Ya mchana naikwepa tangu nilazwe, na sababu naiandika kwa aibu: inanilaza, na saa kumi wageni wanakuja, wafanyabiashara wenzangu wa Kariakoo.

Fremu yangu ya vitenge huko, chumba cha duka nilichopanga, nimeitolea jasho. Nilianza na mitumba chini barabarani, biashara zilipoachiwa huru. Habari zikienea kwamba Mama Zuhura kalala hajitambui, kabla ya Magharibi mwenye nyumba atakuwa ameshapokea kilemba, ile pesa ya kuingilia, cha mpangaji mwingine.

Basi kila siku najikalisha wima, napaka wanja, nacheka nao. Nikicheka ubavu unachanika.

Leo mchana nesi kanijia juu. "Mama, unapumua juujuu kwa sababu unaumia. Pafu lisipotanuka dawa haitashika, maji yatarudi. Tafadhali kunywa."

Nikanywa. Kabla wageni hawajafika, nimeshalala.

Nilipoamka walikuwa wameondoka wote isipokuwa Bhavna, Mhindi wa duka la jirani, ambaye tumenyang'anyana wateja miaka yote hii.

"Wameniona?"

"Wamekuona. Na umekoroma, mama wee!" Akanivutia shuka vizuri. "Mwanao kanipa ufunguo. Kuanzia kesho nafungua yangu, nafungua na yako. Nimewaambia hapa hapa, mbele ya kitanda: anayeitaka fremu ya Mama Zuhura aanze na mimi."

Nililia. Sikujali wanja wala majirani wa vitanda. Na katika kulia nikavuta pumzi ndefu, ikaingia mpaka chini, mahali ambapo haijafika tangu jana. Iliuma, lakini iliingia.

Kesho dawa ya mchana nitaiomba mwenyewe.