Miiba Juu ya Kisima

Mpendwa Guku,

Leo mwalimu wa jiografia alichora ubaoni milima yetu ya nyuma ya Bukundi. Akasema kwa Kiingereza kwamba ni eneo la mawe ya chokaa, maji hayakai, watu ni wachache, uchumi wake ni mifugo na asali kidogo. Darasa zima likaandika. Mimi nilitaka kusema babu yangu, yaani wewe Guku, aliishi pale, lakini unanijua. Mkono haukunyanyuka.

Ningeanzia wapi, kwanza? Jirani alikuwa mbali, hata asubuhi ukiona moshi wake unasema, "Wameamka wale." Mvua ikinyesha mawe yanaimeza yote. Nilipokuwa mdogo nililia kwamba maji yamekwisha, ukanicheka.

"Hayajaisha, mayu, mama yangu. Yanatembea chini, yanatusubiri korongoni."

Tukashuka, ukachimba mchangani mpaka yakatoka, meupe kama maziwa. Ng'ombe wakanywa kwanza, kisha mbuzi, kisha sisi. Mimi ukaniachia kazi ya kufunika kisima kwa miiba, fisi asikichafue, mpita njia akikute safi.

"Hata kama simjui?"

"Huyo hasa."

Tulipokuzika, Baba aliuza mifugo akaamua tuhamie Nyashimo, afungue duka barabarani. Siku ya kuhama, lori likiteremka, nikaona kisima kiko wazi. Guku, fikiria. Mimi ninayesema "mwadila" chinichini mpaka watu wanadhani sijawasalimia, nimsimamishe Baba mbele ya wapakiaji? Korongo lilikuwa linabaki nyuma. Nikagonga bodi kwa ngumi.

"Nini tena?" Baba akauliza.

"Kisima hakijafunikwa."

"Tunahama, mama. Unamfunikia nani?"

"Atakayepita."

"Kumbe huyu anaongea," dereva akasema, wakacheka.

Baba hakucheka. Alishuka na panga, akakata matawi ya mgunga, tukayapanga pamoja, mashina nje, miiba ndani, kama ulivyokuwa ukipanga wewe. Alipomaliza aliinama akasikiliza, kama anataka kuyasikia maji yakitembea.

Nyashimo maji ni ya bomba na majirani wamejaa, ila asubuhi sijui moshi upi ni wa nani. Huku kwenye bweni la shule, Bariadi, ndiyo kabisa. Wenzangu wamelala, nami nawaza kama kuna mtu leo ameondoa miiba ile, akanywa, akairudisha.

Kesho tuna jiografia tena. Nitanyoosha mkono, Guku. Nitasema maji yapo, yanatembea chini.

Pumzika huko kwenye mawe yako.

Mjukuu wako, mfunika kisima