Jina Nililolifuta Katika Chumba cha Saba

Kemunto wangu,

Nimekaa kwenye kiti chako, nakuandikia kwenye kompyuta yako, na mpaka leo haina kipanya. Acha nianze na kosa langu kabla sijaingiwa na woga. Katika maneno yako ya mwisho nilifuta machache, na ndani yake lilikuwamo jina langu. Wewe uliniandika dada yako, mimi nikajifuta. Ni kwa sababu hiyo barua hii imechelewa wiki sita.

Lakini najua ungetaka habari za duka kwanza, ndipo unigombeze vizuri.

Duka lipo. Jirani bado anasaga mahindi na unga bado unatua juu ya kila kitu. Watu bado wanaleta kazi ya kuchapa, na mimi, niliyekucheka miezi yote ile, sasa naendesha mashine kwa vitufe tu. Juzi mwalimu mmoja kutoka Magwagwa alileta mtihani wa kuchapa. Akasimama nyuma yangu, akatafuta kipanya juu ya meza, akachungulia hata chini. "Sasa hii unaendesha na nini, madam?" Nikamwonyesha vidole kumi. Nilijiona mimi ndiye wewe kwa dakika nzima, kisha nikabonyeza kitufe kibaya na mtihani wake ukatoweka. Usicheke. Niliurudisha, tena bila kumwambia kwamba ulikuwa umetoweka.

Unakumbuka tulivyoanza? Binamu yangu alituletea zile diski kutoka Nairobi, akasema humo ndani mna mfumo ambao madirisha hayapandani. Baba yangu akasema kitu cha bure hakina maana. Wewe ulikichukia kipanya tangu siku ya kwanza, maana mpira wake ulishika unga kila asubuhi, na kifundo cha mkono wako kilikuuma. Ulikuwa mtu wa taipureta. "Mkono ukitoka kwa vitufe umeenda matembezi," ulikuwa ukisema, "na ukirudi umesahau kazi." Ulipambana na zile diski wiki mbili nzima. Siku diski zilipokubali uliniita kwa sauti mpaka mteja akaangusha bahasha zake.

Dirisha la kwanza lilijaza skrini yote. Ulipofungua la pili, la kwanza likasogea lenyewe, likaachia nusu. La tatu likapewa nafasi yake vilevile, na hakuna lililolifunika jingine. Kushoto maneno, kulia ukurasa jinsi utakavyotoka kwenye printa, chini orodha ya kazi za siku. "Ona, kama shamba ya babu kule Kiogoro, kila mtu na kipande yake. Ni vile tu hapa hakuna mtu ataenda kwa chifu." Na skrini ikijaa, kulikuwa na nyingine nyuma yake, tisa kwa jumla, ulizoziita vyumba. Unabonyeza Alt na namba, unahamia chumba kingine. Mimi niliona ni maringo. Nilikuomba mara ngapi urudishe kipanya nami niweze kuitumia mashine? Ulinishika vidole ukaviweka juu ya vitufe kimoja kimoja, polepole, kama unayemfunza mtoto kufunga kamba za viatu, nami nikavichomoa kwa hasira nikaenda kuuza kalamu. Laiti ningeviacha pale.

Ndani ya chumba kimoja ulikuwa ukiandika maisha yako. Ulikuwa mzaha wetu. Kila tulipochapa kitabu cha mazishi, chenye picha na wasifu wa marehemu tuliyemjua, tukasoma kwamba alikuwa mpole na hakuwahi kukosana na jirani, ulicheka mpaka ukavua miwani. "Mimi nitajiandikia mapema, wasije wakanidanganyia." Ukawa unaongeza mstari mmoja siku ambazo wateja ni haba. Tulikuwa na miaka thelathini na moja, wewe na mimi. Mzaha wa namna hiyo haukututisha hata kidogo.

Halafu ikaja ile malaria. Ulifika kazini unatetemeka, ukachapa kidogo, nikakufukuza uende hospitali. Mlangoni uligeuka. "Usizime mashine, Hansa. Kuna kitu sijahifadhi." Siku nne niliilinda. Stima ikipepesa nilipiga mbio kuangalia ile betri chini ya meza, ambayo haidumu hata nusu saa. Nilidhani nakulindia kazi ya mteja. Nilidhani utarudi Jumatatu.

Siku ya tano kaka yako Nyakundi alikuja na picha yako ndani ya bahasha. Alitaka vitabu mia mbili vya mazishi yako. "Tumia ile aliandika mwenyewe," akaniambia, "alikuwa ametuonya." Nikakaa kwenye kiti hiki kwa mara ya kwanza, nikabonyeza Alt na sijui nini, na skrini ikawa nyeusi. Haikuwa na hata herufi moja, Kemunto. Nilimwomba kaka yako aende akanywe chai kwanza, kisha nikalia mpaka baba akatoka stoo. Niliamini nimefuta chote ulichoniachia, mimi niliyekataa kujifunza.

Ilinichukua muda kukumbuka vyumba. Sikuwa nimefuta kitu. Nilikuwa nimehama bila kujua, nimesimama katika chumba kitupu nikililia kingine. Nikabonyeza moja, nikaona orodha za kazi. Mbili, barua za wakili. Nikaenda hivyo hadi saba, na wewe ulikuwa pale.

"Kemunto hakuwa mpole," uliandika. "Alipenda chai ya tangawizi na kazi isiyo na makosa. Alikosana na watu wengi, na wengi wao walirudiana naye." Na mwisho kabisa, mstari wa asubuhi ile ulipokuwa unatetemeka: "Ameacha mama yake, kaka wawili, na dada mmoja, Hansa, wa duka la mjini."

Nilihifadhi kwanza. Namshukuru Mungu kwa hilo. Kisha nikafungua nakala ya pili kwa ajili ya printa, nikaondoa maneno yote kuanzia "na dada mmoja". Niliogopa, Kemunto. Nilikuwa kama nasikia matanga yote yakinong'ona kwamba huyu Mhindi amejiandika kwenye ukoo wa watu kwa sababu printa ni yake. Nikajiambia ni heshima. Ulikuwa woga mtupu.

Siku ya mazishi majina yaliposomwa, ndugu zako walisimama mmoja mmoja mbele ya watu. Mimi nilikaa nyuma kabisa na wateja wetu, nikiangalia viatu vyangu.

Jumapili iliyopita nilienda Kiogoro kumwona mama yako, nikiwa na sukari, majani ya chai na mkate. Alinikaribisha, akanikalisha karibu naye, tukanywa chai. Kisha akaitoa Biblia yake, na ndani yake kitabu chako. Hasomi sana, lakini jina langu analijua kwa sura. Ulimwonyesha wewe. Akapitisha kidole kwenye ule mstari wa ndugu zako, taratibu. "Nilikutafuta kwa hii kitabu, sikukuona. Kemunto alisema ako na dada, ako mjini." Akaniangalia. "Kwani tulikukosea nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu atakayeniuliza mimi ni nani hata niandikwe. Sikujiandaa kwa mama anayedhani ni mimi niliyewakataa. Nikamweleza yote, huku nalia, kwa Kiswahili kilichovurugika kuliko chake. Alinifuta uso kwa leso yake mwenyewe, akaniambia nirudi na kitabu cha kweli.

Jana nilifungua chumba cha saba. Sikuhitaji kulichapa jina langu. Lile ulilolichapa wewe lilikuwa bado mahali pake, baada ya kaka zako. Nimetoa nakala mia mbili upya. Nyakundi amesema atazigawa kanisani Sabato ijayo, na ya kwanza ni ya mama, nitampelekea kesho mimi mwenyewe.

Nakuaga sasa, mpenzi wangu, mchana huu ambao duka limetulia na ningekuwa nakuchokoza. Nakuahidi mama yako hatakosa binti wa kumpelekea sukari. Na yeyote atakayeniuliza pale Kiogoro nimekuja kwa nani, nitamjibu kwamba nimekuja nyumbani.

Dada yako,
Hansa