Mstari wa Kumi na Moja

Jumanne, 4 Machi

Leo nimejaza fomu ya mirathi ya baba. Kurasa nne, hakuna hata mkwaruzo mmoja. Karani wa mahakama ameipitia, akanitazama, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia na mimi ni karani, wa shule, mwaka wa kumi na tisa huu. "Inaonekana," akasema. Na mimi nikavimba kichwa! Baba ana wiki sita kaburini, binti yake anafurahia kusifiwa mwandiko.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu — mstari wa kumi na moja. "Watu wanaoishi katika nyumba ya marehemu." Nikasema yupo Mama Mdogo, mdogo wake mama, anakaa chumba cha nyuma tangu mama alipougua. Miaka thelathini na moja. Mama alikufa, yeye akabaki kutulea. Karani akasema basi aje mwenyewe na picha mbili, asaini mbele yake, na faili lisubiri mpaka hapo. Nikasema yuko hospitali, amepasuliwa jicho. Akauliza, kwa hiyo leo hii nani analala kwenye hiyo nyumba? Leo hii? Hakuna mtu. Mimi nimefikia kwa rafiki yangu. Kufuli liko mlangoni, ufunguo uko kwenye pochi yangu.

Akainua mabega. "Andika ukweli wa leo."

Nikaandika HAKUNA. Herufi kubwa, zimekaa katikati ya kisanduku.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekula kiapo. Kumbe ni jambo la nusu dakika! Wakili alikuwa anatafuna karanga. Nikanyoosha mkono, nikasema yote niliyoandika ni kweli, akagonga muhuri, akarudi kwenye karanga zake.

Kaka naye alikuja kusaini kama mrithi wa pili. Tunamwita Meneja tangu utotoni, kwa kupenda kuamrisha. Hakusoma hata ukurasa mmoja. Aliuliza tu tutauza lini. Nikasema hatujaamua kuuza. Akacheka. Paa linavuja, kuta zina nyufa, yeye yuko mji wake na mimi mji wangu — tunamtunzia nani? Kabla sijafungua mdomo akaniwahi: Mama Mdogo tutamtafutia mahali pa kumweka.

Pa kumweka! Utadhani kabati.

Lakini sikubisha. Niseme ukweli hapa angalau. Na mimi nimeichoka ile nyumba. Nimechoka kila likizo yangu kuishia kwenye ndoo za kukinga mvua.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemtoa Mama Mdogo hospitali. Upasuaji haukufanikiwa. Anaona kivuli na mwanga, basi. Daktari anasema la pili wataligusa mwezi wa sita, labda. Njiani hakulalamika. Alitaka tu kujua kama nilimwagilia maua yake. Sikuyamwagilia.

Nimehamia naye nyumbani. Mwalimu mkuu amenipa likizo hadi katikati ya Aprili.

Alipoingia alisimama sebuleni, akanusa. "Bi Karani, mbona nyumba inanuka karatasi?" Tukacheka wote. Halafu akaenda zake chumbani bila kushikwa mkono. Anaijua nyumba kwa miguu. Hatua sita za sebule, ngazi moja ya kushuka, kulia. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, milango yote aliitengeneza yeye. Mlango wa chumba cha nyuma una komeo chini, usawa wa kiuno. Mkono wa kulia wa Mama Mdogo haupandi juu ya hapo. Aliteleza barabarani akiwa na Meneja mgongoni, akalalia mkono ili asimlalie mtoto. Meneja ana miaka thelathini na mitatu sasa. Sijui kama anakumbuka.

Nimekaa kitandani nikaitazama ile fomu. Nakala yangu. HAKUNA.

Nitairekebisha wiki ijayo. Ni neno moja.

Jumatatu, 17 Machi

Sikwenda wiki ile. Nilikuwa na sababu kila siku, na zote zilikuwa nzuri.

Leo amekuja mjumbe wa mahakama na kopo la gundi. Amebandika tangazo kwenye mlango wa mbele, mlango wa baba, akalipapasa kwa kiganja likalala vizuri. Siku thelathini za pingamizi. Shauri litasikilizwa tarehe 16 Aprili. Akaondoka na kopo lake.

Mama Mdogo alitoka akiwa anajifuta mikono. Akalipapasa na yeye. "Bado bichi," akasema. "Nisomee, mwanangu."

Mimi ndiye msomaji wake. Barua, dawa, ujumbe wa simu — tangu macho yaanze kufifia ni mimi. Kwa hiyo nikasoma. Jina la baba. Namba ya kiwanja. Jina langu, msimamizi. Jina la Meneja. Nikafika pale — "nyumba tajwa haina mkaaji" — macho yakaruka. Sikupanga! Yaliruka yenyewe, sauti ikaendelea na mstari wa chini kama kawaida.

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu: "Na mimi wamenitaja?"

"Wamekutaja."

"Wamesemaje?"

"Wamesema unaishi hapa."

Akasema baba yenu alikuwa mtu wa haki. Akarudi jikoni.

Jumanne, 18 Machi

Leo nilimkuta Mama Mdogo kwa fundi viatu, jirani wa ng'ambo ya barabara, yule anayesoma gazeti kwa sauti mtaa mzima ukitaka usitake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Hawakuwa wanacheka. Nikamuuliza vipi, akasema kandambili yake imekatika.

Sijala leo.

Jumamosi, 22 Machi

Meneja amekuja na mnunuzi. Bila taarifa! Mtu mpole, ana suruali iliyopigwa pasi mpaka inakata, kabeba futi ya chuma. Wamepima sebule. Wamepima jikoni. Wameingia chumba cha nyuma, Mama Mdogo yumo, amekaa kitandani anakunja nguo. Meneja akasema shikamoo, akapitisha futi mbele ya magoti yake. Mama Mdogo akainua miguu ili wapime vizuri.

Akauliza, "Mnatengeneza paa?"

Meneja akanitazama. Mimi nikatazama dari. "Ndiyo, Mama Mdogo," akasema Meneja. "Paa."

Mnunuzi aliniuliza uani kama nyumba itakuwa tupu. Kabla sijajibu Meneja akasema karatasi za mahakama zinasema tayari ni tupu. Kumbe amesoma! Amesoma lile moja tu linalomfaa.

Baada ya mgeni kuondoka nilimpasukia. Nikamwambia huyu ndiye aliyekubeba. Akasema kwa utulivu — ule utulivu wake wa kukera — kwamba yeye hakuandika chochote pale. Mwandiko ni wa nani?

Alinibana kwenye kona na kona niliijenga mwenyewe.

Jumapili, 30 Machi

Nimepanga vitu vya baba. Miwani ya kuchomelea, kioo kimoja kimepasuka. Mashati manne yenye vitundu vya cheche kifuani. Nimelia kwa ajili ya mashati, sijui kwa nini mashati. Mama Mdogo alikaa nami sakafuni akikunja. Kila shati alilipapasa kifuani, vitundu, akaniambia ni la mwaka gani. Lile lenye vitundu vingi ni la mwaka baba alipomtengenezea mlango wake.

Tangazo halipo mlangoni. Imebaki alama ya gundi ya pembe nne. Meneja? Upepo? Watoto? Nilipomuuliza Mama Mdogo alisema, "Mimi nione wapi?"

Nikafurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi kwamba hakuna mtu atakayelisoma tena.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimekwenda kwa wakili wa karanga. Nimemweleza yote. Aliacha kutafuna.

Anasema inawezekana kurekebisha. Nile kiapo cha pili kwamba cha kwanza hakikuwa kweli. Hapo hakimu ataniuliza kwa nini niliapa. Anaweza kunifungulia kesi. Anaweza kuniondoa usimamizi, na mrithi wa pili ni nani? Meneja. Na shule ikipata habari kwamba karani wake anaapa uongo? Hakumaliza. Hakuhitaji.

Njia nyingine, akasema, ni mhusika mwenyewe. Huyo mama asimame tarehe 16, aseme: mimi naishi pale, napinga. Hapo hakimu atalazimika kumsikiliza.

"Lakini ili asimame," nikasema, "lazima ajue."

"Ndiyo," akasema wakili. "Lazima ajue."

Kwa hiyo njia zote mbili zinapita kinywani mwangu.

Jumanne, 8 Aprili

Leo nilipiga moyo konde. Nilimtia dawa ya jicho, matone matatu, kichwa chake kwenye mapaja yangu kama alivyokuwa akiniweka mimi nikiumwa sikio. Nikasema, "Mama Mdogo, kuna jambo."

"Sema, mwanangu. Nipo."

Akangoja. Alikuwa ametulia mno, hata jicho halikupepesa.

Nikasema chupa ya dawa inakaribia kwisha.

Akafumba macho. "Sawa," akasema. "Nilidhani ni jambo."

Domo zege! Mwoga mkubwa! Nina miaka arobaini na mbili. Naweza kumkaripia mzazi wa mwanafunzi akaondoka bila viatu, nashindwa maneno kumi mbele ya mwanamke aliyenilea.

Jumatatu, 14 Aprili

Meneja kapiga simu. Mnunuzi yuko tayari, anasubiri hukumu tu. Amempatia Mama Mdogo chumba, kwa watu anaowafahamu, ghorofa ya tatu. Nikamuuliza kama ngazi zina mkono wa kushikia. Akasema hakuangalia.

Mama Mdogo anasema tarehe 16 na yeye anakuja mahakamani. Anataka kumsikia hakimu akimtaja baba. Nilimwambia kuna foleni, kuna joto, benchi ni za mbao. Akasema alishakalia mbao.

Jumanne, 15 Aprili

Gauni lake la kijani liko kwenye kamba. Amelifua mwenyewe. Amenituma nimtafutie mkoba mweusi, nikautoa kabatini. Nilipotaka kuufungua niutoe vumbi ndani akanipokonya. "Mkoba wa mtu mzima haufunguliwi," akasema. Kwa utani. Nadhani kwa utani.

Jumatano, 16 Aprili

Naandika hapa hapa, kwenye korido ya mahakama. Daftari liko gotini. Mwandiko ni wa kunguru. Karani wa shule!

Tumefika saa mbili. Meneja amekaa benchi la mbele na simu yake, ametugeuzia kisogo. Sisi ni namba saba. Wanaingia mmoja mmoja. Mlango ukifunguliwa sauti ya ndani inasikika — wanauliza mara tatu: kuna mwenye pingamizi? Mara tatu, halafu muhuri.

Namba tatu ilipoingia Mama Mdogo aliniuliza, "Wanauliza nini pale?" Nikamweleza. Akasema, "Mara tatu? Basi wanampa mtu nafasi."

Namba nne. Nilimletea maji. Alikunywa nusu, nusu akanipa mimi. Kavaa kijani, nywele kazifunga vizuri. Watu wanampisha.

Namba tano. Kafungua mkoba. Katoa karatasi iliyokunjwa mara nne, kavu, nyuma ina gundi iliyoganda na rangi ya mlango wetu. Bluu ya baba.

Akaiweka mapajani pangu, juu ya daftari hili.

Nikamwambia, Mama Mdogo, hii ulisema...

"Fundi viatu alinisomea," akasema. "Siku ya pili yake, hapo hapo mlangoni. Lakini yeye anasoma mbiombio, huenda alikosea. Nimesubiri mwezi mzima uniambie alikosea."

Hakupandisha sauti. Ningefurahi angepandisha. Nikaanza kusema karani aliniambia, hospitali, siku ile mlango ulikuwa na kufuli — yote yakanitoka kwa pamoja, na yote ni kweli, na hakuna lililosaidia. Akaniachia nikamaliza.

Halafu akasema, "Sijakuuliza kwa nini. Nimekuja nisomewe."

Kaomba nimpe fimbo yake mkononi, anyooshe miguu kidogo. Kaenda hadi mwisho wa korido, anapapasa ukuta. Ndiyo nimepata hizi dakika za kuandika. Amegeuka. Anarudi, anahesabu hatua kwa midomo.

Namba sita imeitwa. Meneja ameinuka, anafunga kifungo cha koti.

Mama Mdogo amekaa. Ameinamisha sikio upande wangu. Goti lake linagusa langu.

"Haya," anasema. "Taratibu. Na safari hii usiruke."