Rafiki Mpya wa Baba Anaitwa Patrick

Jumamosi, 2 Agosti

Patrick ni mimi.

Sijamwambia mtu. Nimetoka kuosha sahani, mikono bado ina majivu. Mama anapepeta mchele uani. Naandika upesi kabla hajaniita.

Ilianza wiki iliyopita. Sifa, mdogo wangu, ana miaka kumi na minne na anatumia simu ya Mama kuliko Mama mwenyewe. Nilitaka kumwonya kuhusu watu wasiojulikana wa mtandaoni. Lakini nikitaka kusema neno zito, koo langu linafunga. Kwa hiyo nikatengeneza mtu asiyejulikana. Patrick, injinia, wa Kisangani. Picha niliipiga kwenye bango la kinyozi wa sokoni, lile la vichwa ishirini vyenye namba za mitindo. Patrick ni kichwa namba saba.

Nikamtumia Sifa ombi la urafiki. Alimfungia Patrick kabla sijarudisha simu mfukoni. Vizuri sana. Ningemfuta Patrick siku ileile.

Lakini kwenye orodha, jina la Baba liko chini ya jina la Sifa, na kidole changu kiligusa yote mawili. Baba alikubali. Akaandika: "Karibu mwanangu. Habari za Kisangani? Mimi niko na watoto wawili wasichana."

Sikumjibu siku mbili. Akauliza kama naumwa.

Nikajibu. Hapo ndipo nilipokosea.

Jumapili, 3 Agosti

Aibu.

Baba ni mtafsiri wa kanisa. Mchungaji anahubiri kwa Kiswahili, Baba anasimama kando yake na kurudisha kila sentensi kwa Kibangubangu kwa ajili ya wazee. Amefanya hivyo tangu kabla sijazaliwa. Leo, wakati wa matangazo, hakungoja mchungaji. Yeye pia ni prezida wa komite ya wazazi wa shule. Alisema wazazi wanalia juu ya watoto na simu, kwa hiyo Jumamosi, saa tatu, darasa la sita, watafundishwa.

"Na nani?" mama mmoja akauliza.

"Na mutoto wangu Mwamini. Iko na diplome."

Kanisa zima likageuka. Nilikuwa bado na poda ndani ya masikio. Matokeo ya mtihani wa serikali yalitoka Alhamisi, na wanakwaya walinimwagia makopo matatu, kama wanavyofanyiwa wote waliofaulu. Baba alinipiga picha, mimi mweupe kama muhogo uliomenywa, Sifa pembeni anacheka. Jana aliiweka mtandaoni. Majina yetu yote. Umri. Shule. Mtaa. Na chini yake: "Sifa bado anatafuta masomo ya ushonaji, Mungu afungue njia."

Patrick alikuwa wa kwanza kumpongeza. "Hongera, Prezida." Nilidhani ni adabu.

Jumanne, 5 Agosti

Upande wetu wa Kabambare rezo ya simu inapatikana mahali pamoja, juu ya kichuguu cha zamani nyuma ya shule. Unapanda, unasimama, unageuza mgongo ili mwenzako awe na siri yake. Leo nilimkuta Baba.

"Rezo iko?"

"Kidogo."

Hayo ndiyo maneno yote tuliyosemezana leo. Kisha akanipa mgongo na kumwandikia Patrick mistari kumi na miwili. Goti linamuuma usiku, nyumbani hajamwambia mtu. Mchungaji mpya anasema sentensi ndefu mno, ukifika mwisho umesahau mwanzo. Simu yangu ilikuwa inatetemeka hatua tatu kutoka kwake.

Patrick akamshauri awe anampa mchungaji karanga za kutafuna katikati ya sentensi. Baba alicheka mpaka akateleza.

Sijawahi kumchekesha Baba maishani. Nilifurahi sana. Kisha nikaona aibu kwa kufurahi.

Kabla ya kushuka aliongeza: "Binti yangu mkubwa ni mpole. Haongei, hatakusumbua. Tuanze na mbuzi wanne." Baada ya dakika moja: "Ukija mwenyewe, watatu."

Jumamosi, 9 Agosti

Somo. Wazazi thelathini na mmoja. Sauti yangu haikufika benchi la pili. Baba akasimama kando yangu bila kuombwa, akaanza kutafsiri.

Nilisema: usimpe mtu usiyemjua habari za watoto wako. Baba alitafsiri kwa muda mrefu. Sodoma ilikuwemo.

Nilisema: mtoto akikuambia kuna mtu anamsumbua kwenye simu, usimpige, maana safari ijayo hatakuambia. Baba alitafsiri: usimpige siku hiyo. Ninaelewa Kibangubangu, kwa bahati mbaya.

Nilisema kila simu iwe na namba ya siri. Wakaomba mfano. Nikaandika ubaoni 2580, kwa sababu inashuka katikati moja kwa moja. Wote wakanakili. Nilifurahi kuona watu wazima wananakili.

Asubuhi hiyohiyo, kabla ya kuja kutafsiri, Baba alikuwa amemwandikia Patrick: "Nyumba yetu iko baada ya dispensari, mlango wa bluu, usipotee."

Jumatatu, 11 Agosti

Siku mbaya.

Nilipeleka simu kwa Papa Amisi, mwenye sahani za jua, anayechaji simu za mtaa mzima. Kila simu ina plasta mgongoni yenye jina la mwenyewe, zisichanganyike. Leo plasta zote ni mpya. Jina, halafu 2580. Jina, halafu 2580. Prefe, mkuu wa shule, 2580. Ya Baba imeandikwa "2580 SIRI".

Papa Amisi alinipongeza. "Zamani nilikuwa nabahatisha kama imejaa. Sasa nafungua tu, naangalia."

Nimewapa watu wote wa mtaa ufunguo mmoja, na wameuning'iniza mlangoni.

Hilo si baya zaidi. Jioni, kichuguuni, ujumbe kwa Patrick: "Mwanangu, wewe ni mtu wa mjini, unaonaje? Kuna mama anaitwa Clarisse, aliona ile picha ya poda. Ana shule ya ushonaji Uvira. Atamchukua Sifa bure. Tumpandishe pikipiki Jumatatu ijayo mpaka Kasongo, gari litamngoja. Aje peke yake. Amesema nisitangaze, nafasi ni moja."

Nilisoma mara tatu. Nikakaa chini palepale. Siafu walikuwa wananipanda miguuni na sikuwasikia.

Jumatano, 13 Agosti

Patrick alikataa. Aliuliza shule inaitwaje. Aliuliza prefe wake ni nani. Aliuliza kwa nini iwe siri. Nilifikiri ameandika vizuri.

Baba akajibu: "Usiwe na wivu, mwanangu. Wewe utapata mkubwa."

Amemnunulia Sifa viatu vyekundu. Sifa anavivaa ndani ya nyumba ili visishike vumbi. Nilimwambia kwamba huyo Clarisse hatumjui. Akasema: "Yaya, dada yangu, yule wa Kisangani nilimufungia sababu alitoka kwenye simu. Huyu ametoka kwa Baba."

Nimetafuta kosa katika maneno yake usiku kucha. Halimo.

Alhamisi, 14 Agosti

Nilimwambia Mama. Mama akasema nikaongee na Baba, yeye ndiye anafundisha mambo ya mtandao.

Nikaenda kwa Baba. Mara ya kwanza nikamwambia leo kuna upepo. Mara ya pili nikamwuliza goti linaendeleaje.

"Nani alikuambia juu ya goti?"

Nikakimbia. Diplome ninayo, sauti sina.

Ijumaa, 15 Agosti

Mkoba wa Sifa umefungwa. Zimebaki siku tatu.

Ninaogopa kusimama mbele ya watu. Ninaogopa Baba. Nimeweka hofu hizo upande mmoja na gari la Kasongo upande wa pili. Nitafanya kesho, kwenye somo la pili.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Darasa lilijaa, wengine walisimama dirishani. Simu ya Baba ilikuwa inachajiwa kwa Papa Amisi. Yangu ilikuwa mkononi. Nilisema leo nitasoma barua ambazo mzazi mmoja wa hapa alimwandikia mtu asiyemjua.

Baba alitafsiri, akaongeza lake: huyo mzazi ni mpumbavu, tumwombee. Watu wakacheka.

Nikasoma: "Mimi niko na watoto wawili wasichana." Baba akatafsiri kwa sauti ya mahubiri.

Nikasoma: "Nyumba yetu iko baada ya dispensari, mlango wa bluu." Akatafsiri. Wamama wa benchi la mbele wakaanza kutazamana. Baada ya dispensari mlango wa bluu ni mmoja.

Nikasoma: "Binti yangu mkubwa ni mpole, haongei. Tuanze na mbuzi wanne." Alianza vizuri. Alipofika kwenye mbuzi, sauti ilishuka.

Nikasoma: "Ukija mwenyewe, watatu."

Hakutafsiri.

Mzee mmoja wa nyuma, asiyesikia Kiswahili, akauliza kwa Kibangubangu mtafsiri amekwama wapi.

"Watatu," Baba akamjibu.

Hakuna aliyecheka. Kisha nikasoma ule ujumbe juu ya Clarisse. Jumatatu. Kasongo. Peke yake. Usitangaze. Hapo sikumngoja mtafsiri. Nilisema kwamba mtu anayetaka mtoto wako aje peke yake, na wewe usimwambie mtu, hata akiahidi cherehani kumi, ni mwizi wa watoto. Niliisikia sauti inagonga ukuta wa nyuma na kurudi. Nilishangaa ni ya nani.

Baba akavua kofia.

"Huyo mupumbavu ni mimi," akasema kwa Kiswahili. Halafu akajitafsiri kwa Kibangubangu, kwa sababu ndivyo alivyozoea.

"Sifa haendi." Akatafsiri na hilo.

Mama mmoja wa benchi la pili akasimama, akasema yeye alituma picha ya kadi yake ya uchaguzi kwa mtu aliyemwahidi mashine ya kusaga mihogo. Baba mmoja akasema mwanawe anaongea na mwanajeshi wa Ulaya, yeye amekuwa akimsalimia huyo mwanajeshi kila Jumapili. Ikawa foleni. Papa Amisi alikuja na kapu lake la simu, na watu wakabandua plasta mmoja mmoja, wakachagua namba mpya wakiwa wamegeukia ukuta. Prefe alinakili namba ya Clarisse ili aipeleke kwa wakuu wa territoire, wilaya yetu.

Tulitoka saa saba. Nilikunywa maji vikombe vinne.

Jumapili, 17 Agosti

Sifa haongei nami. Viatu vyekundu viko chini ya kitanda, vidole vimeelekea ukutani.

Clarisse aliandika mara sita. Baba alimwuliza shule yake inaitwaje na prefe wake ni nani. Hakuandika tena. Sifa alisoma ujumbe wote sita, akarudisha simu.

Wakati wa chakula Mama aliuliza zile barua za Baba nilizipata wapi. Nikatazama sahani.

"Namba ilikuwa kwenye plasta," Baba akasema. "Kila mutu angeweza kufungua simu yangu."

Mama akaridhika. Baba akanitazama, muda mrefu. Kisha akasugua goti lake.

Jumanne, 19 Agosti

Mama ndiye humnyoa Baba, kwa wembe, uani. Lakini amekasirika kwa ajili ya Sifa na hataki kumgusa. Leo Baba alikwenda kwa kinyozi wa sokoni kwa mara ya kwanza.

Nilikumbuka bango alipokuwa amekwisha kuondoka. Nilikaa jikoni nikingoja kufa.

Alirudi na kofia. Akaketi mezani. Akavua kofia polepole.

Kichwa namba saba.

Mama akacheka, hata akashika ukuta. "Mzee mzima. Nani alikuchagulia ile?"

"Rafiki," Baba akasema.

Nikaenda kuosha sahani. Zilikuwa safi.

Alhamisi, 21 Agosti

Mvua kidogo asubuhi, kisha jua. Nilipanda kichuguuni kumfuta Patrick. Nilikuwa nimekwisha kuamua.

Baba alikuwa upande wake.

"Rezo iko?"

"Iko."

Aliandika kwa kidole kimoja, muda mrefu, midomo ikisogea. Akatia simu mfukoni. Akashuka kwa uangalifu, mguu mzuri kwanza, akaelekea nyumbani bila kugeuka. Kwa nyuma mtindo ule haumpendezi hata kidogo.

Simu yangu ikatetemeka.

"Mwanangu Patrick. Jumamosi binti yangu aliongea hata wazee wa nyuma wakasikia. Mimi kumwambia nashindwa, koo linafunga. Umwambie wewe. Tena bugali iko tayari, na mboga ya sombe. Njoo kula."

Patrick siku zote humwita Prezida. Nilifikiri kidogo, nikaandika: "Nakuja, Baba."

Tulikula wote wanne. Sifa aliniomba chumvi. Ni neno lake la kwanza kwangu tangu Jumamosi. Nikampa kopo zima. Baba alinisogezea kipande cha samaki.

Sikumfuta Patrick.

Mama hajui. Sifa hajui. Kwa hiyo wewe uliyefungua daftari hili na si mimi, lirudishe chini ya godoro kama ulivyolikuta, na juu ya Patrick unyamaze.