Neno Moja kwa Mtoto na Gunia

Shikamoo Baba,

Leo hapa Kwihara niliwatafsiria watalii peke yangu, bosi akisikiliza, ili aamue kama nabaki kazini. Mgeni mmoja aliuliza wapagazi wa zamani walibebaje mizigo. Mama Kalunde, mkulima wa hapa, alikuwa na mjukuu mgongoni na ndoo ya maji miguuni. Akataka kwanza kujua mgeni ametumia neno gani. Nikamwambia, "Carry."

"Na mtoto?"

"Carry."

"Gunia? Mimba?"

Nikakiri kwamba ni neno hilohilo.

"Masikini. Na hawajawahi kusahau mtoto shambani?"

Nilicheka, kisha nikawaambia wageni kwamba Kiingereza hakitoshi, afadhali waonyeshwe. Mama Kalunde akamwekea mgeni kata ya kitambaa kichwani, tukamtwisha ndoo sote wawili, maana mzigo mzito haupandi kichwani bila mtu wa pili. Nikawafundisha maneno yetu: kutwika mzigo kichwani, kueleka mtoto mgongoni, kumpakata mapajani. Mgeni alitembea hatua sita, akalowa hadi viatu, akauliza wapagazi walifikaje pwani.

"Kwa miguu yao," akasema Mama Kalunde nilipomtafsiria.

Bosi ameamua nibaki kazini. Lakini kuna jambo nataka ulisikie kwangu. Niliwaambia wageni wale kwamba babu yako alikuwa mpagazi. Nyumbani tulizoea kusema mfanyabiashara. Nimesema mpagazi, Baba, na nilisimama wima nikilisema.

Mpe Mama asali niliyompa dereva wa basi, na wewe ule vizuri.

Binti yako,
Neema