Kanga ya Bi Zaituni Ukutani

Jumanne. Mvua haijakatika tangu juzi, na milima yote imezama mawinguni. Moyo wangu hali kadhalika.

Leo nimempeleka fundi Kilakala, kwenye nyumba aliyoniachia baba. Marehemu aliijenga harakaharaka kwa kiinua mgongo, kiwanda kilipouzwa kwa mwekezaji na yeye na wenzake wakapunguzwa kazini. Kwenye msingi hakuweka hata nailoni ya kuzuia unyevu. Maji ya mlimani hupita chini kwa chini, kisha yanapanda ukutani.

Mpangaji wangu ni Bi Zaituni, aliyefanya kazi na baba kiwandani hukohuko. Kila nikimwamkia na kumuuliza habari za nyumba, hunijibu, "Salama tu, mwanangu." Nami huridhika. Mwenye nyumba gani hapendi kusikia hivyo?

Fundi akafunua kanga iliyotundikwa ukutani juu ya kitanda cha Mwajuma, mjukuu wa Bi Zaituni.

Ukuta ulikuwa mweusi kwa ukungu.

Lipu ilimbandukia fundi mkononi. Kumbe kifua cha Mwajuma, kinachobana kila masika, kinaanzia hapa.

"Hapa kupaka rangi ni kujidanganya, dada. Tuuvunje hadi msingi."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema utaujenga kwa pesa gani.

Bi Zaituni akanishika mkono. "Usitengeneze, mwanangu. Hapo jirani walitengeneza, sasa wamejaa wanachuo watupu. Mimi niende wapi?"

Nilitaka kumwapia kwamba hatatoka. Nikashindwa. Kwa kodi anayolipa yeye ukuta ule hausimami. Itabidi nitafute mpangaji wa kulipa miezi sita mbele. Bi Zaituni alilijua hilo kabla yangu, ndiyo maana akauficha.

Nikitengeneza, namfukuza bibi. Nisipotengeneza, namuua mjukuu. Nimechoka kuitwa mama mwenye nyumba.

Nikamwambia fundi tuondoke.

Bi Zaituni alifurahi, masikini. Akatusindikiza hadi barazani, akaniombea kwa Mungu anizidishie, anijalie na nyumba nyingine. Nikaitikia amina. Nilipochungulia ndani, Mwajuma alikuwa amesimama kitandani, anakohoa huku anaitundika kanga upya.

Mvua bado inanyesha, na yule mtoto atalala palepale.

Ile amina, niliitikia nini?